Kibodi Iliyogoma: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kibodi inapoacha kuandika, wengi hukata shauri papo hapo kwamba imekufa na inunuliwe nyingine. Dhana hii ndiyo inayowatia watu hasara kuliko zote, kwa sababu kibodi isiyoandika si lazima iwe kibodi mbovu. Bonyeza kitufe cha Caps Lock na utazame taa yake, kama ipo. Kwa kawaida taa hiyo haiwashwi na kibodi yenyewe: kibodi hupeleka taarifa kwamba kitufe kimebonyezwa, kisha mfumo endeshi wa kompyuta ndio unaorudisha amri ya kuiwasha. Taa ikiitikia, basi mawasiliano ya kwenda na kurudi yapo, na kasoro itafutwe kwenye mipangilio au kwenye programu inayotumika wakati huo. Isipoitikia, hamishia waya kwenye tundu jingine la USB. Kama kibodi haina waya, badilisha betri kwanza. Kibodi za zamani zenye plagi ya duara ya PS/2 zina sharti lake, kwani hazikuundwa kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka.

Mojawapo ya mipangilio inayodanganya watu ni ile iitwayo Filter Keys katika Windows. Kitufe cha Shift cha kulia kikishikiliwa kwa sekunde 8, labda na mtoto au kitabu kilichoegemezwa, kompyuta huuliza kama mpangilio huo uwashwe, na mtu akikubali bila kusoma, kibodi huanza kupuuza kila mbonyezo wa haraka. Mpangilio huu uliwekwa kwa nia njema, kuwasaidia wenye mikono inayotetemeka, lakini asiyeujua huapa kwamba kibodi imekufa. Kukishikilia kitufe hicho tena kwa sekunde 8 huuzima.

Herufi zinapotoka tofauti na zilivyochapwa juu ya vitufe, lawama huangukia virusi, na kuna wanaokubali kompyuta ifutwe yote na Windows isakinishwe upya, picha na kazi zao zikapotea bure. Mara nyingi sababu ni mpangilio wa lugha ya kibodi. Kompyuta iliyotumika Uingereza, kama nyingi zinazouzwa kwetu, imechapwa alama ya @ mahali ambapo kibodi ya Kimarekani ina alama ya kunukuu. Ikiwekewa mpangilio wa Kimarekani, alama hizo mbili hubadilishana nafasi, na mwenye nenosiri lenye @ hujikuta amefungiwa nje. Iliyotoka Ufaransa au Ubelgiji, nayo, ikiwekewa mpangilio wa Kiingereza, hutoa Q pale palipochapwa A. Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato ndogo, herufi J, K na L zikitoa 1, 2 na 3, chanzo ni Num Lock iliyowashwa, yaani kitufe kinachogeuza baadhi ya herufi kuwa tarakimu, si virusi.

Kuhusu maji na chai, dhana ya kuifukia kompyuta kwenye mchele imeenea mno, nami ningependa iachwe kabisa. Ndani ya kibodi nyingi mna karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na mchele ulio nje hauna uwezo wa kunyonya kimiminika kilichokwama kati yake. Unachoweza kuongeza ni vumbi la wanga. Isitoshe, tatizo la chai si maji peke yake. Maji hukauka, lakini sukari na maziwa hubaki, vitufe vikanata, na chumvichumvi zilizobaki huendelea kula metali taratibu hata baada ya kompyuta kuonekana imepona. La kufanya ni kuizima mara moja kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, kuchomoa chaja, kuigeuza kifudifudi ili kimiminika kisishuke kwenye bodi kuu, kisha kuipeleka kwa fundi afungue na kusafisha. Kuiwasha “kujaribu tu” ndiko kunakounguza kilichokuwa kingali kizima.

Wengine husema wamekwisha kuzima na kuwasha bila mafanikio. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida hakufuti kila kitu: sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kompyuta iwake haraka, na kasoro huweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Chagua Restart, ambayo huanza upya kwelikweli.

Mwisho ni vitufe vya kompyuta mpakato vinavyoinuka katikati, ambavyo watu hudhani ni plastiki iliyopindwa na joto, wakavikandamiza virudi chini. Huenda ni betri iliyovimba iliyo chini yake, na betri hiyo ikibanwa au kutobolewa inaweza kushika moto. Kompyuta ya namna hiyo izimwe, isichajiwe tena, na fundi aitoe betri kabla ya kugusa kibodi.