Linux Imewekwa, Kompyuta Bado Inajikokota: Dhana Potofu na Ukweli

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mashine zinazokataliwa na Windows 11 wakaanza kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wengi kwa sifa moja tu waliyoisikia: ni nyepesi. Laptopu ikiendelea kujikokota, lawama hufuata, na ushauri mbovu nao haukosi.

Dhana: Linux huigeuza kompyuta kuukuu ikawa mpya

Uzito unaousikia mara nyingi si wa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Ni wa mazingira ya dawati (madirisha, menyu na paneli unazoziona), na hayo hayalingani: GNOME na KDE Plasma hubeba mengi, Xfce na LXQt machache. Kwenye RAM ya GB 4 tofauti hiyo utaiona. Ila brauza ni ile ile, na kurasa kumi na mbili ulizozifungua ni zile zile. Hakuna distro (aina ya Linux, kama Mint au Ubuntu) inayozipunguzia uzito.

Ukiwa na pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, anza na diski. Laptopu nyingi za mitumba bado zina diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila programu inapofunguka kichwa cha kusomea hurukaruka kutafuta mafaili madogo madogo. Ibadilishe kwa SSD, diski ya chipu isiyo na cha kuzunguka.

Dhana: RAM imejaa, isafishe

Hii ndiyo inayonikera. Mtu anaandika amri `free -h` kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, anaona safu ya `free` imebaki na MB 200, anashtuka. Linux huitumia RAM isiyo na kazi kutunza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na programu ikihitaji nafasi hupewa mara moja. Safu ya kuangalia ni `available`. Ile amri inayosambazwa sana, ya kuandika 3 kwenye `/proc/sys/vm/drop_caches`, huitupa akiba hiyo yote, kisha mashine inaanza kuyasoma mafaili yale yale upya kutoka diskini. Kuna watu wameipanga ijirudie kila saa!

Kama `available` kweli imekauka na taa ya diski haizimi, mashine inaishi kwa swap, yaani sehemu ya diski inayotumika badala ya RAM. Washa zram, ambayo huibana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuipeleka diskini. Distro ya Fedora huja nayo tangu toleo la 33 la mwaka 2020. Kwenye Debian kuna paketi ya `zram-tools`.

Dhana: skrini ikiwaka, draiva ziko sawa

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, kama kadi ya picha. Skrini inaweza kuwaka huku prosesa ikichora kila kitu peke yake. Endesha `glxinfo -B`: ukikuta neno `llvmpipe`, kadi ya picha imelala, ndiyo maana hata kusogeza dirisha ni kazi. Wenye Nvidia wana lao. Draiva huria ya nouveau haiwezi kuzipandisha kadi za GTX 900 na GTX 10 juu ya kasi ya chini zinayoanza nayo zikiwashwa. Hapo weka draiva ya Nvidia yenyewe. Mint na Ubuntu zina programu maalumu ya kuichagua.

Dhana: ikiwa nzito, futa uweke distro nyingine

Mimi nilifuta mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Tatizo lilikuwa feni iliyoziba vumbi: prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe, distro iwe ipi. Amri ya `sensors` ingenionyesha kwa dakika moja.

Siku za mwanzo pia huwa na kazi ya siri. GNOME na KDE hupitia mafaili yako kuandaa faharasa ya utafutaji, na ukiwa umenakili picha za miaka kumi, subiri kidogo. Zaidi ya hapo, fungua `top`, amri inayoorodhesha programu zinazotumia prosesa, wakati ule ule mashine inapogoma. Herufi `wa` ikiwa na namba kubwa, prosesa inaisubiri diski. Namba ikiwa ndogo huku programu moja iko juu ya orodha, basi umeshampata mhusika.