Wi-Fi ya Linux Isiyoshika Mpaka Mtu Aingie

Kompyuta ya Linux imewaka, skrini ya kuingilia imetokea, lakini mtandao haupo. Ukiandika nywila yako tu, Wi-Fi inashika yenyewe. Kwa laptopu ya mtu binafsi hilo si la kuumiza kichwa. Kwa mashine inayokaa pembeni ya ofisi na kufikiwa kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) ni balaa, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, mashine itawaka lakini hakuna atakayeipata.

Dalili hiyo peke yake imeshajibu mengi. Kadi ni nzima, draiva ipo, nywila ya ruta ni sahihi, kwa hiyo kusakinisha mfumo upya ni kujichosha bure. Mara nyingi kasoro iko mahali nywila ya Wi-Fi ilipotunzwa. NetworkManager, inayosimamia mtandao kwenye Ubuntu ya desktop, Fedora na mifumo mingine mingi, huweza kuitunza kwenye faili la mfumo mzima au kwenye hifadhi ya siri ya mtumiaji mmoja. Hifadhi hiyo ya pili hufunguka mwenyewe anapoingia, si kabla.

Pata jina la muunganisho kwa nmcli, amri ya NetworkManager: `nmcli connection show`. Tuseme ni Ofisi. Kagua hivi:

`nmcli -f connection.autoconnect,connection.permissions,802-11-wireless-security.psk-flags connection show Ofisi`

Psk-flags ikisoma 1, nywila iko kwa mtumiaji. Permissions ikionyesha jina la mtu, muunganisho ni wake peke yake. Yote mawili hurekebishwa kwa amri moja:

`sudo nmcli connection modify Ofisi connection.permissions "" connection.autoconnect yes wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk "nywila-ya-ruta"`

Angalia kwamba nywila imeandikwa wazi, hivyo itabaki kwenye historia ya terminali; ifute baadaye. Pia itakaa bila kufichwa kwenye diski, ikisomwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) tu. Kwa mashine inayotakiwa kujiunga bila mtu, hiyo ndiyo gharama yake.

Ukiwa umenakili faili la muunganisho kutoka kompyuta nyingine kwenda `/etc/NetworkManager/system-connections/`, hakikisha mmiliki ni root na ruhusa ni 600, yaani mmiliki pekee asome na kuandika. Zikiwa legevu zaidi, NetworkManager hulikataa faili, na aliyelinakili hubaki akilaumu ruta. Weka `sudo chmod 600`, kisha `sudo nmcli connection reload`.

Kama Wi-Fi haishiki hata baada ya kuingia, hiyo ni kesi nyingine. Tumia `rfkill list`: "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe cha kwenye laptopu, wala hakuna amri itakayokifungua; "Soft blocked" huondoka kwa `sudo rfkill unblock wifi`. Kadi isipoonekana kabisa kwenye `ip link`, soma `sudo dmesg | grep -i firmware`. Debian za kabla ya toleo la 12, la 2023, hazikuweka fimwea (programu ndogo zinazoendesha kadi yenyewe) zisizo huru kwenye kisakinishi cha kawaida, kwa hiyo kadi nyingi za Intel zilihitaji kifurushi cha firmware-iwlwifi. Na `nmcli device` ikiandika "unmanaged" kwenye Debian, tazama `/etc/network/interfaces`: kadi iliyotajwa humo NetworkManager haiigusi. Ondoa mistari ya kadi hiyo, acha ya lo (kiungo cha ndani cha kompyuta yenyewe), kisha washa upya.

Wakati mwingine mtandao unashika vizuri ila huduma yako (programu inayoanzishwa na systemd mashine inapowaka) imeshashindwa. Wi-Fi hutafuta ruta, hubadilishana funguo, kisha husubiri anwani ya IP. Hayo huchukua sekunde kadhaa. Mstari `After=network.target` kwenye faili la huduma hausubiri hayo. Kwenye sehemu ya [Unit] ya faili hilo andika `Wants=network-online.target` na `After=network-online.target`, na uhakikishe NetworkManager-wait-online.service imewezeshwa.

Jaribu kwa kuwasha upya bila kuingia, ukituma ping kutoka kompyuta nyingine. Isipojibu, ingia usome `journalctl -b -u NetworkManager`. Mstari unaotaja "no-secrets" unakurudisha kwenye psk-flags.