Umefika Uhuru, sawa. Ladakh ni habari nyingine

Wiki hii tena. Mtu kanitumia ratiba yake ya kwenda Ladakh, kule milimani kaskazini mwa India, peke yake, kaomba nimwangalizie. Ndege ya asubuhi Delhi mpaka mji wa Leh, kesho yake bonde la Nubra kupitia pasi ya Khardung La (pasi ni pale barabara inapokatiza juu ya mlima, "La" ndo hiyo), keshokutwa analala ziwa Pangong, siku ya nne karudi Leh anafungasha. Nikamuuliza, mwili utazoea saa ngapi? Jibu ni lile lile ninaloletewa kila msimu: "Mimi nimefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, Leh ni 3,500 tu, itanifanya nini?"

Jamani. Naandika yote hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Mimi nimeongoza wageni Kili miaka mingi kabla sijaanza kupangia watu safari za Himalaya, kwa hiyo hakuna wa kuniambia naudharau ule mlima. Ila tukumbushane ulivyofika Uhuru. Kama ulipita Marangu, ulianzia getini kwenye kama mita 1,870, ukatembea kwa miguu yako mpaka Mandara 2,720, ukalala, kesho yake Horombo 3,720, wenye busara wakalala pale usiku mbili, ndo Kibo, ndo kileleni. Na kileleni ulikaa dakika ngapi? Picha kwenye kibao, machozi kidogo, guide anakwambia twende, mchana ule ule ushashuka zaidi ya mita elfu mbili. Uhuru hukulala. Uliigusa ukakimbia, na kwenye mambo ya mwinuko kinachohesabika zaidi ni pale unapolala.

Afu muda wote huo kuna mtu alikuwa anakuangalia. Asubuhi na jioni unaulizwa umekula, umelala, kichwa vipi, unakohoa, nani katapika. Guide mzuri anakutazama unavyotembea hata hujui kama unatazamwa, na siku ukianza kuongea pumba anakushika mkono mnashuka, huna kura. Ukiniambia "mwili wangu unaweza", mimi nasikia "guide wangu alikuwa makini". Ladakh solo huyo mtu hayupo, na ratiba ambayo ilikupandisha taratibu haipo pia, kwa sababu ndege inakutoa Delhi mita mia mbili na kitu, saa moja na nusu haijaisha uko uwanjani Leh kwenye mita 3,250 na ushee, taksi inakupandisha mjini 3,500. Oksijeni hewani ni asilimia 21 ile ile, ila mgandamizo wa hewa umeshuka, kila pumzi unapata kama theluthi mbili ya uliyozoea Dar. Mwili utaanza kupumua haraka, damu itapoteza asidi, figo zitaanza kutoa bikaboneti (inayopunguza asidi kwenye damu) ili uendelee kupumua vizuri hata usingizini, na hiyo kazi ya figo inachukua siku kadhaa, haijali una misuli gani wala unakimbia marathoni kwa saa ngapi. Wenye stamina ndo wananisumbua zaidi, maana wanaweza kupanda ngazi za Ikulu ya Leh siku ya kwanza bila kusimama, usiku ndo wanatapika.

Na mazoea ya Kili hayakai. Umeshuka Moshi, wiki chache baadaye mwili ushasahau. Kitu pekee cha maana unachokuja nacho ni historia: kama uliwahi kuugua vibaya kule juu, hasa maji kwenye mapafu, hatari ya kurudiwa ni kubwa na lazima uongee na daktari kabla hujanunua tiketi. Lakini kutokuugua hakukupi dhamana yoyote.

Sasa hiki hapa ndo kinachonikera, na ndo sijawahi kuona mtu ananiuliza. Kili ukizidiwa, unashuka. Njia yoyote ya kurudi ni chini, saa mbili tatu mtu ana nafuu. Kwa hiyo mtu wa Kili anabeba kichwani sheria ya "nikijisikia vibaya nitashuka", anaenda nayo Ladakh, anadhani inafanya kazi. Fungua ramani. Ziwa Pangong liko juu ya mita 4,200. Ukizidiwa pale saa nane usiku na unataka kurudi Leh, gari lazima lipande kwanza Chang La, zaidi ya mita 5,300, ndo lianze kushuka. Umeelewa? Mgonjwa mwenye maji kwenye mapafu unampandisha mita elfu moja nyingine ili umshushe. Kuna njia ya pembeni, ile ya kufuata mto Shyok kwenda Nubra, haipandi hivo na Diskit iko kama mita 3,100 na hospitali ipo, ila ni njia ndefu ya bondeni, mto ukijaa wakati wa kiangazi kuna vipande vinakatika, na wewe uko peke yako huna gari, unamtegemea dereva atakayekubali kuamka. Nubra kwenyewe ni chini kuliko Leh, watu wanaambiwa hivyo wanafurahi, ila ukitaka kutoka Nubra kurudi Leh unavuka Khardung La. (Kibao cha pale kwa miaka mingi kiliandikwa futi 18,380, watu wakapigia picha wakapost "mita 5,602", vipimo vya siku hizi vinasema 5,359. Sijui kwa nini hili linaniuma kiasi hiki lakini linaniuma, maana mtu akishaamini amepita 5,600 salama ndo anakuwa mjuaji.) Kupita pasi dakika kumi na tano ndani ya gari na kulala mwinuko ule ule ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kupanga Ladakh ni kupanga mpangilio wa vitanda. Vivutio baadaye. Kanuni inayotumika ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku hadi usiku usipandishe kitanda zaidi ya mita 500, na kila siku tatu nne upumzike. Kwa mtu anayeruka na ndege kanuni ishavunjika kabla hajachukua begi, ndo maana hata serikali ya Ladakh inawasisitiza wageni wa ndege kutulia kwa saa 48 za mwanzo. Kutulia maana yake kutulia. Sio kwenda nyumba ya watawa ya Thiksey kupanda ngazi "polepole". Mimi napenda zaidi hivi: toka uwanjani chukua taksi moja kwa moja ushuke na bonde la mto Indus mpaka kijiji cha Alchi, mita 3,100 hivi, lala pale usiku mbili. Ni chini kuliko Leh, kimya, na hekalu lake lina michoro ya ukutani yenye karne nyingi, utatembea tambarare mpaka mlangoni. Kupiga picha ndani hawaruhusu, usibishane nao. Ndo uje Leh usiku mbili, afu Nubra, na Pangong iwe ya mwisho. Ziwa Tso Moriri ni mita 4,500 na kitu, kama una siku chache iache.

Wengine wananiambia "basi nitaenda kwa barabara, ni salama". Barabara ipi? Ya kutoka Srinagar, mita 1,600, unavuka Zoji La 3,528, unalala Kargil 2,676, kesho yake Lamayuru, hiyo nakuunga mkono kwa mikono miwili, ndo njia bora ya kuingia Ladakh kwa mtu asiye na haraka. Ya kutoka Manali ni kitu kingine, inapita Baralacha La na Tanglang La mita 5,328, na wengi wanalala Sarchu kwenye hema, mita 4,290, usiku wao wa pili tu. Mimi pale simlazi mtu. Kama lazima Manali, lala Keylong au Jispa usiku mbili, afu piga siku moja ndefu mpaka Leh, utachoka lakini utalala chini.

Dawa. Diamox, ile ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, haifichi ugonjwa, hiyo ni hadithi ya vijiweni, inaisaidia figo kufanya ile kazi niliyosema, na ukijisikia mzima ukiwa unaitumia, kwa kweli wewe ni mzima. Dozi ya kinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, vidole vitawasha, soda itakuwa na ladha ya ajabu. Daktari akuandikie, hasa nyie ambao Septrin au Fansidar iliwahi kuwaletea vipele, mwambieni hilo kabla. Vidonge vya usingizi na pombe siku za mwanzo hapana. Vile vikopo vya oksijeni vinavyouzwa madukani ni dakika chache za faraja, usiviweke kwenye mpango.

Na hili vitabu vya wazungu vinaliandika mstari mmoja, kwetu lingepaswa kuwa ukurasa: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe, SS, safari hii asiende. Wenye AS, yaani waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, wengi wao wanapanda na hawapati shida, ila kuna watu wa AS waliofikia mwinuko huu na bandama ikakosa damu, na wengine walikuwa hawajui kabisa kwamba ni AS. Kwetu kanda ya ziwa na pwani AS wako wengi. Kapime. Na ukiwa kule ukapata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, hayo sio gesi, nenda hospitali na uwaambie neno AS wewe mwenyewe, maana daktari wa kule kila siku anaona mapafu na vichwa, hii inaweza isimjie haraka.

Nikiri kitu. Ukinikalisha watu kumi wenye afya mezani, siwezi kukwambia nani ataugua, na hakuna kipimo cha ukiwa usawa wa bahari kinachoweza. Oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, nayo wanaitegemea kupita kiasi, nimeona mwenye asilimia 82 anakula momo (maandazi ya mvuke yenye nyama au mboga ndani) na kucheka na mwenye 89 kalala kashika kichwa. Naamini zaidi maswali: kichwa kinauma? Chakula kinapita? Umechoka kuliko kazi uliyofanya? Kizunguzungu? Afu tembea mstari mnyoofu, kisigino kinagusa kidole, hatua kumi. Ukiyumba, ubongo umeanza kuvimba, huo ni usiku wa kushuka. Na ukihema ukiwa umekaa, au kikohozi kinazidi ukilala chali, hayo ni mapafu.

Shida ya solo ni kwamba ubongo ukivimba, wewe unayejiuliza maswali ndo wewe uliyechanganyikiwa. Kwa hiyo tafuta macho ya mtu. Lala nyumba za wenyeji, achana na hoteli ambayo hakuna anayekujua. Ingia jikoni, kule jikoni ndo sebule, meza fupi, masufuria ya shaba yamepangwa ukutani, kaa karibu na jiko, mwenye nyumba utamwita ama-le kama watoto wake wanavyomwita, atakujazia chai ya siagi na chumvi kila ukipunguza. Mwambie ama-le mimi niko peke yangu, saa moja asubuhi kama sijatoka chumbani, gonga, nisipojibu fungua. Ataelewa mara moja, hawa watu wameshawabeba wageni wa kutosha kupeleka hospitali ya SNM pale Leh.

Mengine haraka haraka. Laini ya prepaid uliyonunua Delhi Ladakh haishiki, ni postpaid tu au ya huko huko. Simu ya satelaiti na vile vifaa vya kutuma ujumbe kwa satelaiti usivibebe, India bila kibali ni kosa na wageni wameshashikwa viwanja vya ndege. Nubra, Pangong na Tso Moriri mgeni anahitaji kibali kupitia ajenti aliyesajiliwa Leh, kinaandikwa kwa watu kuanzia wawili, ajenti anakuunganisha na wengine kwenye karatasi, toa kopi nyingi, kila kizuizi wanachukua moja. Cheti cha homa ya manjano kibebe mkononi, ukikikosa na umetokea au umepita nchi iliyo kwenye orodha yao wanaweza kukuweka karantini. Gompa (nyumba ya watawa) na mnara mtakatifu wa chorten unazungukwa kwa kuuacha mkono wako wa kulia, viatu nje, na ukienda sala ya alfajiri Thiksey kaa pembeni, miguu usiielekeze kwa watawa wala sanamu. Waislamu mnaoniuliza chakula, Leh ina msikiti wa karne ya 17 sokoni kabisa, na Kargil wengi ni Waislamu, halali ipo.

Ukitaka niangalie ratiba yako usinitumie majina ya vivutio. Nitumie kila usiku unalala mita ngapi, na pembeni yake uandike ukizidiwa usiku huo unashukia wapi, kwa gari la nani, na hiyo njia inapanda mpaka mita ngapi kabla haijashuka. Na majibu ya kipimo cha selimundu, hata kama unaona hayakuhusu.