Mahame ni nini? Kisa cha Wharram Percy

Mahame ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama na kupaacha patupu. Neno limezaliwa na kitenzi "hama", na linafaa sana kueleza kitu kinachopatikana kwa wingi mashambani Uingereza: vijiji vya Zama za Kati vilivyobaki kuwa matuta ya nyasi tu. Zaidi ya mahame 3,000 ya aina hiyo yamekwisha kutambuliwa. Yanayofahamika zaidi ni Wharram Percy, huko Yorkshire.

Ukifika pale usitafute kuta za nyumba. Jengo la kale lililosalia ni kanisa la St Martin, nalo halina paa na nusu ya mnara wake imeanguka. Subiri jua lishuke, vivuli virefuke. Hapo ndipo ardhi inapoanza kusomeka: ule mfereji mpana ni barabara, imezama kwa karne nyingi za miguu na magurudumu; ile miinuko ya mraba ni mahali nyumba ziliposimama, kila moja na mpaka wa kiwanja chake.

Mwaka 1950 mwanahistoria wa uchumi, Maurice Beresford, alianza kuchimba hapo. Baadaye akaungana naye mwanaakiolojia John Hurst, na kazi ikaendelea kila kiangazi hadi 1990. Badala ya kuchimba vishimo vya hapa na pale, walifunua eneo pana na kuondoa udongo tabaka kwa tabaka. Ndipo zikaonekana nyumba ndefu za wakulima, ambamo watu waliishi upande mmoja na mifugo upande wa pili, chini ya paa moja. Makaburini walifukua mifupa ya watu karibu 700. Hawa ni watu ambao maandishi ya wakati wao yaliwataja zaidi walipodaiwa kodi, na kwangu mimi hiyo ndiyo thamani kubwa ya kazi hii: imewapa historia wasioandikwa.

Kwa nini walihama? Wengi hukimbilia kutaja tauni ya 1348 na 1349. Iliua wengi kweli, lakini kijiji kiliendelea kukaliwa kwa takriban miaka 150 baada yake. Kilichokimaliza ni kondoo. Bei ya sufu ilipanda, na vibarua wa kulima wakawa adimu na ghali kwa sababu tauni ilikuwa imepunguza watu. Kabaila mwenye ardhi aliona heri ageuze mashamba kuwa malisho, kwa kuwa mchungaji mmoja alitosha pale palipohitajika wakulima wengi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1500 familia za mwisho zilikuwa zimeondolewa. Kwa hiyo tusidanganywe na neno lenyewe: si kila aliyeacha mahame nyuma yake alihama kwa hiari.

Kanisa halikufungwa siku hiyo, maana watu wa vijiji jirani waliendelea kusali humo. Ila lilinywea. Watu walipokuwa wakiongezeka, lilikuwa limepanuliwa kwa kumbi za pembeni, kaskazini na kusini. Walipopungua, kumbi hizo zikabomolewa, na matao yaliyokuwa milango ya kuingilia humo yakazibwa kwa mawe. Matao hayo yaliyozibwa bado yanaonekana ukutani.