Mwalimu Stagg, aliyeiacha mimbari akaenda uwanjani

Msikilize mchezaji wa Ligi Kuu ya Tanzania akihojiwa baada ya mechi: "Tulifuata maelekezo ya mwalimu." Kocha kwake ni mwalimu. Kazi yangu ni kuwanoa makocha vijana, na kila nikifika kwenye historia ya ukocha naanzia kwenye neno hilo, kwa sababu yupo mtu lililomkaa sawasawa: Amos Alonzo Stagg.

Alizaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey, akaenda Chuo Kikuu cha Yale akiwa na nia ya kuwa mchungaji. Mimbari ilimshinda, maana kuhutubia hakukuwa fani yake. Uwanjani hali ilikuwa tofauti kabisa. Kwenye besiboli alirusha mpira kwa ustadi hata timu za kulipwa zikamfuata, akazikatalia. Kwenye futiboli ya Kimarekani alikuwamo katika kikosi cha Yale cha 1888 kilichoshinda mechi zote 13, kikafunga pointi 698 bila kufungwa hata moja!

Huko Yale alikunja godoro, akalifunga kamba na kulining'iniza, wenzake wakawa wanalivamia kujifunza kumwangusha mpinzani bila kuvunjana mbavu. Ukiona vijana wa raga leo wakijitupa kwenye begi nene mazoezini, ujue asili yake ni wazo la namna hiyo.

Kisha akaenda kufundisha chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, na hapo ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko mataji yake yote. Desemba 1891 James Naismith alibuni mpira wa kikapu chuoni hapo. Tarehe 11 Machi 1892 walimu walicheza na wanafunzi mbele ya watazamaji kwa mara ya kwanza. Stagg aliingia na jezi ya buluu ya Yale, na gazeti la mjini likaandika kwamba alikuwa akicheza faulo kila mara kwa kuwasukuma wapinzani, mazoea ya futiboli. Wanafunzi walishinda 5 kwa 1. Kikapu hicho kimoja cha walimu alikifunga yeye.

Jambo hili tunalishuhudia kila muhula. Kijana aliyezoea mpira wa miguu akiingia kwenye kikapu, mpira ukimpita chini anautuliza kwa mguu kabla hajakumbuka kwamba ni kosa. Mwili una kumbukumbu zake. Kocha aliyewahi kukosea hivyo mwenyewe, mbele za watu, humvumilia mwanafunzi kwa namna ambayo bingwa wa mchezo mmoja huchelewa sana kuijua.

Mwaka huohuo wa 1892 William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu kipya cha Chicago, alimwajiri Stagg kama mwanataaluma, akiwa na cheo cha ualimu wa chuo na idara yake ya mazoezi ya mwili. Hapo kocha akawa mwalimu kwa maana zote mbili. Alifundisha futiboli misimu 41, akatwaa mara 7 ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo vikuu vya eneo hilo la Marekani, na besiboli na riadha pia zikawa mikononi mwake.

Alipofika miaka 70 chuo kikamstaafisha. Naona walikosea. Alihamia College of the Pacific, Stockton, California, na mwaka 1938 akawarudisha vijana wake Chicago, kwenye uwanja wenye jina lake mwenyewe, Stagg Field. Wakashinda 32 kwa 0. Mwaka uliofuata Chicago ikaifuta timu yake ya futiboli, na mwaka 1942, chini ya jukwaa la uwanja huo uliobaki kimya, wanasayansi wakawasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani.

Stagg alikuwa bado Stockton, uwanjani na vijana wake. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, alichaguliwa kocha bora wa mwaka wa vyuo vya Marekani.