Je, wajua sarafu ya China iliyopatikana Manda ilitengenezewa watu wa nje?

Wageni wengi wanaokuja Lamu kwa ndege hutua kisiwa cha Manda, wakapanda boti, wakavuka hadi gatini bila kugeuka nyuma. Huko nyuma, kaskazini mwa kisiwa, yako magofu ya mji wa Manda, mmoja wa miji mikongwe kabisa ya Waswahili, uliofanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9. Mwaka 2013 mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na mwenzake Sloan Williams wa Marekani walitangaza kwamba kisiwani humo wamepata sarafu ndogo ya duara, yenye tundu la mraba katikati na herufi nne za Kichina: Yongle Tongbao. Yongle ni mfalme aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Miaka mitatu kabla ya tangazo hilo la 2013, kikosi cha wachimbuaji wa Kenya na China kilikuwa kimefukua sarafu ya mfalme huyo huyo Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi.

Watu wengi wakisikia habari hii huuliza kama Wachina walifika kwetu. Swali zuri, na nitalirudia. Lakini kuna jambo la ajabu zaidi ambalo halisimuliwi sana: wakati sarafu hiyo inatengenezwa, raia wa China walikuwa wakilazimishwa kutumia karatasi.

Baba yake Yongle, mfalme Hongwu, alianza kutoa noti mwaka 1375. Zilitengenezwa kwa maganda ya mforosadi, na zilikuwa kubwa ajabu: noti ya thamani ya juu ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 34 na upana wa 22. Noti hiyo moja ilihesabiwa kuwa sawa na sarafu 1,000 za shaba. Chini yake palichapwa onyo kwamba anayeghushi atauawa, na atakayemfichua atazawadiwa fedha nyeupe, wakia 250 za Kichina, pamoja na mali ya mhalifu. Kwangu mimi onyo hilo linaeleza mengi. Noti yenyewe mtu hakuweza kuipeleka serikalini akapewa fedha halisi, lakini serikali ilipotaka kumvutia mtoa habari, iliahidi kumlipa fedha halisi.

Noti zilichapwa bila kikomo, nazo zilizochakaa ziliendelea kuzagaa sokoni. Thamani ikaporomoka. Wafanyabiashara wakawa wanazikataa na kudai shaba, ndipo mwaka 1394 Hongwu akapiga marufuku matumizi ya sarafu za shaba ili karatasi ipate kupumua. Haikusaidia.

Basi kwa nini Yongle akaanza kutoa sarafu mwaka 1408 kule Nanjing, na mwaka 1411 akaongeza viwanda katika mikoa mingine minne? Kwa sababu nchi za ng'ambo hazikuitaka karatasi yake. Mjumbe aliyeleta zawadi kwa mfalme alipewa naye zawadi, hariri, kaure na sarafu zikiwemo, na shaba ilikuwa inatambulika bandari kwa bandari. Ma Huan, mkalimani aliyesafiri na merikebu za Yongle, aliandika kuwa sokoni Java watu walitumia sarafu za shaba za China, zikiwemo za enzi zilizokwisha kupita. Japani ndiko Yongle Tongbao ilikopendwa kupita kiasi. Ilitumika huko kwa karne nzima na zaidi baada ya mfalme mwenyewe kufa, hadi watawala wakaikataza mwaka 1608, na mbabe wa vita Oda Nobunaga aliichora kwenye bendera yake. Sehemu kubwa ya sarafu hizi ilitoka nje ya nchi iliyozitengeneza.

Na lile tundu la mraba? Lina kazi mbili. Sarafu za China zilikuwa za kumiminwa: shaba iliyoyeyushwa ilimwagwa katika kalibu ya mchanga yenye mifereji, ikatoka kama mti uliozaa sarafu kwenye matawi. Zikikatwa hubaki na kingo za kukwaruza. Fundi alizipachika nyingi pamoja kwenye ufito wa mraba, na kwa kuwa tundu ni la mraba hazikuzunguka alipozisugua tupa. Zikishafika sokoni, tundu hilo hilo lilipitishwa kamba, zikabebwa na kuhesabiwa kwa mikufu.

Sasa nirudi kwenye swali la Wachina kufika. Jina linalotajwa ni Zheng He, Mwislamu wa Yunnan aliyekuwa amiri wa merikebu za Yongle. Uhusiano wa Malindi na China katika miaka hiyo umeandikwa katika kumbukumbu za huko: mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme twiga, na safari ya Zheng He ya 1417 hadi 1419 ilifika pwani yetu. Kwa hiyo si ndoto kusema baharia wa China aliitoa sarafu mfukoni akiwa upande huu.

Ila sarafu peke yake haithibitishi hivyo, na inanisumbua kila ninapoona ikitajwa kama ushahidi uliokamilika. Kitu kinachojulikana ni kwamba haikuweza kufika Manda kabla ya kutengenezwa. Ingeweza kupita mikono ya Wajava, Wahindi wa Gujarat, Waarabu wa Aden, kisha ikashuka na kaskazi ndani ya jahazi la mtu ambaye hajawahi kumwona Mchina. Sarafu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa nje ndiyo hasa inayotangatanga hivyo. Pwani hii nayo haikuwa ikingoja fedha za kuletwa. Shanga, kisiwani Pate, zimepatikana sarafu ndogo za fedha zenye maandishi ya Kiarabu, zilizotengenezwa papa hapa karne kadhaa kabla ya Yongle, na Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba.

Wala Yongle hakuwa wa kwanza. Mwaka 1945, huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, palifukuliwa sarafu za China kwa wingi, nyingi zikiwa za enzi ya Song, ambayo ilianguka mwaka 1279. Zheng He alizaliwa takriban mwaka 1371.