Majitu mekundu ya katikati ya Njia Nyeupe: yanayosemwa na yaliyopimwa

Katikati ya Agosti, mnamo saa tatu usiku, aliyeko Dar es Salaam akitazama kusini huliona kundinyota la Mshale likiwa juu sana, nyuzi 67 hivi kutoka upeo wa macho. Nyuma kabisa ya nyota hizo, umbali wa takriban miaka-nuru 26,700, umejaa uvimbe wa galaksi yetu, yaani msongamano mkubwa wa nyota ulio katikati yake. Nyota zinazochunguzwa zaidi humo ni majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka na kutanuka sana, na sababu yake ni mwangaza tu. Nyota mfano wa Jua ikiwa kule huonekana ya daraja la 20 au 21, hafifu mno (namba ya daraja ikipanda, mwangaza hupungua). Jitu la kawaida hufika daraja la 17, na darubini yenye kioo cha mita 8 huweza kupata spektra yake nzuri, yaani nuru yake iliyotawanywa kwa rangi, kwa saa chache.

Kuhusu yaliyomo ndani ya nyota hizi kuna mengi yanayosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko yanavyostahili.

"Ni mekundu kwa sababu yamejaa chuma"

Wekundu ni habari ya joto. Uso wa Jua una kelvini 5,772, na uso wa majitu haya una kati ya 3,500 na 5,000. Kwa uzito, kila moja ni hidrojeni karibu robo tatu na heli karibu robo, na vyote vilivyobaki havizidi asilimia chache. Hivyo vilivyobaki wanaastronomia huviita metali, hata oksijeni na kaboni. Katika Jua, kwa kila atomu moja ya chuma kuna atomu za hidrojeni 32,000 hivi.

Lakini dhana hii haikuzuka hewani. Metali zikizidi, gesi ya nje huzuia nuru zaidi, nyota hutanuka na uso wake hupoa. Kwa hiyo kati ya majitu mawili ya umri na mng'ao mmoja, lenye metali nyingi huwa jekundu zaidi, na likipoa vya kutosha molekuli za titani oksidi huanza kula sehemu kubwa ya nuru yake. Anayekadiria metali kwa rangi peke yake hukwama hapo: vumbi lililo njiani nalo hufanya nyota ionekane nyekundu, na rangi haisemi kipi ni kipi.

"Chuma tunachokiona kimepikwa humo humo"

Nyota yenye uzito wa Jua haifiki popote karibu na joto la kutengeneza chuma. Kiini chake kikifika kelvini milioni 100 hivi, heli hugeuka kuwa kaboni na oksijeni, basi. Chuma, magnesi, silisi, kalsi na titani vinavyoonekana usoni vilikuwemo kwenye wingu la gesi lililoizaa nyota, vikiwa masalio ya nyota zilizolipuka kabla yake. Ndiyo maana majitu haya yana thamani: uso wao umehifadhi hali ya gesi ya miaka mingi sana iliyopita.

Vinavyobadilika ni vichache, ila ukivisahau utapotea. Nyota inapoanza kuwa jitu, tabaka lake la nje huchimba chini na kupandisha gesi iliyokwisha kupitia moto wa hidrojeni. Kaboni hupungua, nitrojeni huongezeka, lithi karibu huisha. Uwiano wa kaboni-12 kwa kaboni-13, ambao katika Jua ni karibu 90, hushuka hadi 20 au 30, na kwa majitu yenye mng'ao mkubwa hushuka zaidi ya hapo. Jumla ya kaboni na nitrojeni haibadiliki, wala oksijeni haiguswi kwa kiasi cha maana. Basi ukitaka kujua nyota ilizaliwa na nini, usichukue kaboni peke yake. Chukua jumla ya kaboni na nitrojeni (C na N), au uende moja kwa moja kwenye oksijeni na magnesi.

"Katikati ya galaksi kila nyota ni tajiri wa metali"

Hapa wataalamu wenyewe waliwahi kuvutwa upande huo. Mwaka 1946 mwanaastronomia Walter Baade alitumia upenyo usio na vumbi zito karibu na kishada cha nyota cha NGC 6522, mahali panapoitwa mpaka leo Dirisha la Baade. Mwaka 1988 Michael Rich alichapisha vipimo vya majitu 88 ya hapo, na wastani wa metali ukatoka karibu mara mbili ya Jua. Spektra zake zilikuwa za utenganishi mdogo, ambamo mistari ya jirani huungana. Mwaka 1994 Andrew McWilliam na Rich walichukua nyota chache kati ya hizo kwa utenganishi mkubwa, wakarekebisha kipimo chote, na wastani ukashuka hadi −0.25.

Namba hiyo ni ya kipimo cha logi kiitwacho [Fe/H], yaani chuma kwa hidrojeni kikilinganishwa na Jua. Sifuri ni sawa na Jua, +0.3 ni mara mbili, −1 ni sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo −0.25 ni kama asilimia 56 ya chuma cha Jua.

Vipimo vilivyofuata vilitoa picha pana zaidi. Kundi la Manuela Zoccali lilipima majitu yapatayo 800 kwa darubini ya VLT nchini Chile na mwaka 2008 likaonyesha nyota zimetapakaa kuanzia karibu −1.5 hadi karibu +0.5, na kwamba wastani hushuka kadiri unavyotoka kwenye bapa la galaksi, yaani usawa wa diski yake. Mwaka 2013 mradi wa ARGOS wa Australia, uliopima nyota kama 28,000, uliutenga mgawanyo huo katika vilima kadhaa vinavyopandiana. Yaani hakuna "kiwango cha uvimbe" kimoja. Swali la kwanza ni nyota zimechukuliwa nyuzi ngapi kutoka kwenye bapa. Na wapo maskini kupindukia: mwaka 2015 Louise Howes na wenzake walitangaza nyota 23 za huko, mojawapo ikiwa na [Fe/H] ya karibu −3.9, chuma kisichofika hata sehemu moja ya elfu nane ya kile cha Jua.

"Mstari mzito, elementi nyingi"

Laiti ingekuwa hivyo. Mstari mweusi kwenye spektra hutegemea joto, nguvu ya uvutano usoni mwa nyota na msukosuko wa gesi kabla ya kutegemea wingi wa elementi. Kwa ufupi, kazi huenda hivi. Joto hukadiriwa kwa rangi iliyosafishwa vumbi, au kwa kuhakikisha kwamba mistari ya chuma inayohitaji nishati ndogo na ile inayohitaji nishati kubwa inatoa jibu moja. Uvutano hupatikana kwa kusawazisha mistari ya chuma chenye elektroni zake zote na ya chuma kilichopoteza elektroni, au kwa kulinganisha na mifano ya nyota za umri huo. Msukosuko hurekebishwa mpaka mistari minene na myembamba ikubaliane. Hapo ndipo huja wingi wa elementi, kwa kuchora spektra ya kompyuta na kuifananisha na iliyopimwa.

Kosa la kelvini 100 tu mwanzoni huhamisha titani waziwazi, na chuma kidogo. Mistari minene sana nayo imeshiba: ukiongeza atomu maradufu, unene haubadiliki sana, hivyo huachwa. Katika majitu yenye metali nyingi, molekuli za kaboni na nitrojeni (CN) zimetapakaa spektra nzima, na mstari unaodhani ni wa chuma safi umebeba CN ndani yake. Matokeo hupanda juu bila sababu. Kinga ya kawaida ni kupitisha njia ile ile kwanza kwenye jitu la karibu linalojulikana vizuri. Arcturus, yenye kelvini 4,286 na [Fe/H] ya karibu −0.5, hutumika sana. Kwa upande wa metali nyingi hutumika jitu la Mu Leonis. Njia ikishindwa hapo, hakuna haja ya kwenda nayo mbali.

Chukua oksijeni uone ugumu wenyewe. Mstari unaoaminika zaidi kwenye nuru ya kawaida uko nanometa 630.03, nao ni mwembamba. Umepandiwa na mstari wa nikeli. Angahewa yetu yenyewe hung'aa usiku kwa mstari huo huo wa oksijeni, na pembeni yake kuna mistari ya molekuli za oksijeni tunayoipumua. Nyota za uvimbe hukimbia huku na huko kwa kasi ya kilomita 100 kwa sekunde hivi, na kasi hiyo husogeza mstari kwa nanometa 0.2. Kwa nyota moja mwendo huo huuondoa kwenye uchafu wa angahewa, kwa nyingine huusukumia humo humo. Aliyeondoa mng'ao wa anga ovyo huishia kupima shimo alilolichimba mwenyewe. Mradi wa APOGEE ulipita njia nyingine: ukapima infraredi, maikrometa 1.51 hadi 1.70, ambako mistari ya molekuli za OH (oksijeni na hidrojeni), CO (kaboni na oksijeni) na CN hutoa vipimo vya oksijeni, kaboni na nitrojeni kwa pamoja, na vumbi halisumbui sana. Kuelekea kitovu chenyewe, nuru ya kawaida inayopenya ni kama sehemu moja ya trilioni. Kwenye infraredi ya maikrometa 2.2 ni karibu moja ya kumi.

"Metali nyingi ni ujana, metali chache ni uzee"

Katika uvimbe hesabu hiyo haisimami. Kipimo kizuri zaidi cha muda ni uwiano wa magnesi, oksijeni, silisi na kalsi kwa chuma. Nyota zenye uzito unaozidi Jua mara nane hulipuka ndani ya miaka milioni kadhaa au makumi ya milioni, na hutoa elementi hizo kwa wingi. Vibete vyeupe, yaani viini vilivyobaki vya nyota ndogo zilizokufa, vinapolipuka hutoa hasa chuma, na vingi huchelewa kwa mamia ya mamilioni ya miaka au zaidi. Gesi ikipanda metali kabla vibete havijaanza kazi, nyota zake huwa na magnesi ya ziada, na katika uvimbe ziada hiyo ni karibu +0.3, ikiendelea hadi kwenye metali za kiasi kikubwa kabla ya kuanza kushuka. Kwa hiyo nyota inaweza kuwa na chuma kingi na bado ikawa na umri wa miaka bilioni 10.

Ubishi bado upo. Thomas Bensby na wenzake walipima nyota kibete 90 za uvimbe (nyota mfano wa Jua, ambazo bado hazijawa majitu) wakati nuru yao ilipokuzwa kwa muda na uvutano wa nyota iliyopita mbele. Mwaka 2017 waliripoti kuwa kati ya zile zinazolizidi Jua kwa metali, zaidi ya theluthi moja zina umri chini ya miaka bilioni 8. Hesabu za rangi na mwangaza kwa darubini ya Hubble huonyesha vijana wachache kuliko hapo. Kwa maoni yetu, anayesema "uvimbe wote ni wa kale" amevuka ushahidi.

"Uvimbe ni kitu tofauti kabisa na diski"

Diski ni sahani ya nyota inayouzunguka uvimbe, nalo Jua limo humo. Dhana hii iliimarishwa na ulinganisho mbaya: majitu ya uvimbe yaliwekwa kando ya nyota kibete za jirani na Jua, na makosa ya upimaji ya aina hizo mbili hayafanani. Jorge Meléndez na wenzake walipolinganisha jitu kwa jitu mwaka 2008, tofauti na diski nene (tabaka la diski lililo nene zaidi, lenye nyota za kale) ilipungua mno. Mwendo nao unakubaliana: sehemu kubwa ya uvimbe ni mhimili, yaani mpangilio mrefu kama fimbo, wa nyota za diski uliovimba na kuchukua umbo la karanga.

"[O/Fe] ni [O/Fe], popote ilipochapishwa"

[O/Fe] ni oksijeni kwa chuma ikilinganishwa na Jua, kwa kipimo kile kile cha logi. Kabla ya kuweka namba za makala mbili kwenye mchoro mmoja, angalia kila moja ilitumia Jua gani. Kwa kipimo cha logi ambacho hidrojeni hupewa 12, oksijeni ya Jua kwenye majedwali ya 1989 ni 8.93, ya 1998 ni 8.83, ya 2009 ni 8.69. Tofauti ya mwanzo na mwisho ni 0.24, karibu mara 1.7, ambayo ni sehemu kubwa ya ile ziada ya +0.3 watu wanayoijadili. Rudisha zote kwenye jedwali moja, kwa oksijeni na kwa chuma, kisha ndipo ulinganishe.